Kutoka Kristali hadi Antena: Kujenga na Kutumia Transmita ya Morse ya Wati Moja na Kidogo, Mita 40

Katika redio ya ridhaa, QRP ni kurusha kwa nguvu ndogo: wati 5 kushuka chini kwa Morse. Jina limetoka kwenye misimbo ya Q, vifupisho vya herufi tatu vya watu wa redio, ambako QRP ni agizo la kupunguza nguvu. Aliyezoea wati 100 huziona wati 1.4 kama mzaha, ila hesabu haimuungi mkono. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ni desibeli 18.5. Kila hatua moja ya kipimo cha S, kinachoonyesha ukali wa ishara kwenye redio, ni desibeli 6, kwa hiyo aliyekuwa akikusikia kwa S8 atakusikia kwa S5, na Morse ya S5 inasomeka bila kukunja uso. QRP ikishindwa, mara nyingi ni kwa sababu hata hizo wati chache hazikufika hewani: zimeliwa na koili iliyozungushwa vibaya, kebo nyembamba, au antena isiyokatwa kulingana na masafa yake. Ndiyo maana mwongozo huu unataka kila sehemu ipimwe kabla ya kushika inayofuata.

Tunachojenga ni transmita ya Morse ya 7.030 MHz, sehemu ya bendi ya mita 40 ambako wapenzi wa QRP hukutana. Kwa kupokea, tumia redio yoyote inayosikia Morse kwenye bendi hiyo. Leseni na alama ya mwito viwepo kabla ya kuunganisha antena. Kazi yote ya mezani hufanyika kwenye mzigo bandia, yaani rezista zinazokaa mahali pa antena.

Vifaa

- Chipu 74HC00 (ina milango minne ya mantiki). Kristali ya 7.030 MHz, kapasita ya kurekebisha ya pF 5 hadi 60
- Transista tatu za BS170, moja ya BD140, rejileta 78L05
- Diodi: 1N4148 nne, 1N5819 moja, zena ya volti 47 ya wati 1
- Pete za chuma cha unga: T37-6 tatu (za njano), pete ya feraiti FT37-43 moja
- Kapasita za C0G (seramiki zisizobadilika kwa joto): pF 270 mbili, pF 680 mbili, pF 33 mbili
- Kapasita nyingine: nF 100 tano, nF 10 mbili, µF 1 ya seramiki au filamu moja, µF 100 ya volti 25 moja
- Rezista: 1 MΩ, 10 kΩ, 1 kΩ, 470 Ω, 220 Ω, 10 Ω, na mbili za 100 Ω za wati 2
- Waya wa shaba wenye vanishi wa mm 0.4, kama mita moja na nusu. Swichi ya njia mbili yenye pande mbili. Fyuzi ya mA 500. Bao la shaba tupu

Usichonge saketi ya kuchapwa. Chukua bao la shaba liwe ethi ya kila kitu, kata vipande vidogo vya bao hilohilo vya mm 5 kwa 5, uvibandike juu yake kwa gundi ya haraka, na kila kipande kiwe kituo cha kulehemu. Njia hii hutoa ethi nzuri kuliko bao la vitundu, na kubadilisha kitu ni suala la sekunde chache za pasi.

Mzigo bandia kwanza

Lehemu rezista mbili za 100 Ω sambamba, upate 50 Ω. Ziwe za kaboni au filamu. Zile za waya uliozungushwa ni koili ndani yake na zitakudanganya. Kutoka upande wa moto weka 1N4148 (anodi kwenye mzigo), kisha kapasita ya nF 10 kwenda ethi. Maltimita ikipima volti za DC kwenye kapasita hiyo, inasoma kilele cha wimbi pungufu ya volti 0.6 hivi zilizomezwa na diodi. Nguvu unaipata kwa kuongeza 0.6 kwenye usomaji, kuzidisha jumla kwa yenyewe, kisha kugawa kwa 100. Mita ikisoma 10.4, una 11 mara 11 gawa kwa 100, yaani wati 1.21.

Osileta

Osileta ndiyo inayozaa wimbi la redio. Weka 74HC00 chali, miguu juu kama mende aliyekufa, na kumbuka kwamba ukiigeuza hivyo hesabu ya miguu nayo inageuka. Mguu wa 7 nenda ethi, wa 14 kwenye volti 5, na kapasita ya nF 100 kati yao iwe karibu kabisa na chipu.

Unganisha mguu wa 1 na wa 2. Rezista ya 1 MΩ itoke hapo hadi mguu wa 3. Kutoka miguu hiyo ya 1 na 2 weka kapasita ya kurekebisha, kisha kristali. Upande wa pili wa kristali urudi mguu wa 3 kupitia 470 Ω. Kapasita za pF 33 ni mbili: moja kutoka miguu ya 1 na 2 kwenda ethi, nyingine kutoka pale kristali inapokutana na 470 Ω kwenda ethi. Mguu wa 3 uende wa 4 na 5. Mguu wa 6 uende wa 9, 10, 12 na 13. Mguu wa 8 na wa 11 uunganishe pamoja: milango miwili inasukuma kwa ubega mmoja, kwa sababu geti za BS170 ni kapasita zinazohitaji kujazwa na kumwagwa mara milioni 7 kwa sekunde. Usibadilishe 74HC kwa 74AC ukidhani yenye kasi ni bora. Ile hupenda kuruka kwenye masafa ya juu ya kristali.

Volti 5 zitoke kwenye 78L05, nF 100 kila upande. Hapa wengi huunguza chipu: ukitazama uso wake bapa, miguu chini, kutoka kushoto ni toka, ethi, ingia. Ndugu yake mkubwa 7805 ana mpangilio wa kinyume.

Washa. Mguu wa 3 usome karibu volti 2.5 za DC, maana wimbi linakaa juu nusu ya muda na chini nusu nyingine. Redio iliyo mezani isikie mlio safi karibu na 7.030. Ukigeuza kapasita ya kurekebisha mlio usogee; tarajia kilohezi moja au mbili hivi, kulingana na kristali. Ukisoma 2.5 lakini redio haisikii kitu, kristali haitetemi: angalia mlehemu wake, kisha ondoa kapasita ya kurekebisha kwa muda na uunganishe kristali moja kwa moja.

Kichujio, kabla ya kuwasha nguvu

BS170 zinafanya kazi kama swichi, na swichi hutoa wimbi lililojaa harmoniki, yaani mawimbi ya ziada kwenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya yale yako. Ya pili iko 14.060, ya tatu 21.090, zote ni bendi ambazo watu wanasikiliza. Bila kichujio unavuruga bendi tatu kwa mpigo mmoja.

Kichujio kina vipande saba: pF 270 kwenda ethi, koili, pF 680 kwenda ethi, koili, pF 680 kwenda ethi, koili, pF 270 kwenda ethi. Koili za pembeni zina mizunguko 21 kila moja, ya katikati 24, zote kwenye T37-6. Kila waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza ambao unaonekana umechomekwa tu. Ukihesabu kwa nje ya pete utakosea kwa mmoja. Kata waya sm 35 kwa koili ya 24 na sm 32 kwa zile za 21, vuta kila mzunguko ukae kwenye pete, na utandaze mizunguko uache pengo dogo kati ya mwanzo na mwisho.

Sasa vanishi. Hili ndilo kosa linalosimamisha transmita nyingi za kwanza kuliko yote mengine kwa jumla. Waya unaonekana shaba tupu, risasi inaushika kwa nje na kung'aa vizuri, na ndani hakuna mguso. Kwangua mm 5 za mwisho kwa wembe pande zote mpaka rangi ibadilike kuwa ya waridi angavu, kisha paka risasi peke yake kabla ya kuweka koili mahali pake. Pima kwa maltimita kutoka mwanzo hadi mwisho wa kichujio: lazima usome ohmu sifuri au karibu yake, na kutoka hapo kwenda ethi isisome kitu.

Kapasita ziwe C0G kweli. Zile za X7R zenye thamani ileile hupata joto, hubadilika, na nguvu hupotea humo bila dalili ya nje.

Hatua ya nguvu

Tazama uso bapa wa BS170, miguu chini: kushoto dreni, katikati geti, kulia sosi. Ukiwa na 2N7000 pembeni, jua yake imegeuzwa. Sosi tatu ziende ethi, geti tatu pamoja, dreni tatu pamoja, na miguu iwe mifupi.

Kutoka mguu wa 8 na 11 wa chipu weka nF 10, kisha 10 Ω, hadi geti. Kutoka geti kwenda ethi weka 10 kΩ, na sambamba nayo 1N4148, mstari wa diodi ukiwa upande wa geti. Diodi hiyo ndogo ina kazi mbili. Inashikilia chini ya wimbi karibu na sifuri, ili geti ipate hadi volti 4.4 badala ya 2.5 ambazo zisingefungua BS170 vizuri. Pia inakulinda: osileta ikikwama, kapasita haipitishi DC, geti inarudi sifuri kupitia 10 kΩ, na transista zinafunga. Ukiunganisha chipu moja kwa moja na geti, siku osileta inapokwama ikiwa juu, BS170 zote tatu zitakuwa shoti ya volti 12.

Dreni zipate umeme kupitia choki, koili inayopitisha DC na kuzuia wimbi la redio: mizunguko 10 ya waya kwenye FT37-43. Kutoka dreni kwenda ethi weka zena ya volti 47, mstari upande wa dreni. Kutoka dreni pia weka nF 100 kwenda mwanzo wa kichujio. Hakuna transfoma ya kulinganisha, na sababu ni rahisi: kwa volti 12 na mzigo wa 50 Ω, nguvu ni volti mara volti gawa kwa 100, yaani wati 1.44. Ukubwa wa betri ndio unaoamua. Kwa volti 9 utapata kama wati 0.8, kwa 13.8 karibu 1.9. Anayetaka wati 5 kutoka volti 12 anahitaji kubadilisha ukinzani wa mzigo, na hiyo ni saketi nyingine.

Kabla ya kuupa choki umeme, washa osileta na upime DC kwenye geti. Karibu volti 1.8 hadi 2 ni dalili nzuri. Sifuri maana yake wimbi halifiki, au diodi imegeuzwa.

Kibonyezo na mlio laini

Ukikata na kuwasha umeme ghafla, kila nukta na kistari huzaa mibofyo inayosambaa kilohezi kadhaa pembeni, na jirani yako wa bendi atakusikia pasipo wewe kumtaka. BD140 ndiyo inayolainisha. Tazama upande wenye maandishi: kushoto emita, katikati kolekta, kulia besi. Emita iende volti 12, kolekta iende choki. Kati ya emita na besi weka 220 Ω. Kutoka besi weka 1 kΩ hadi kibonyezo, na kibonyezo kikibonyezwa kishushe upande huo ethi. Kati ya kolekta na besi weka µF 1. Kapasita hii inalazimisha volti za kolekta zipande na kushuka kwa milisekunde mbili au tatu badala ya kuruka. Isiwe ya elektroliti, kwa sababu polariti yake hugeuka kila unapobonyeza.

Penye choki inapokutana na kolekta weka nF 100 kwenda ethi. Usiongeze elektroliti kubwa hapo: kila ukiachia kibonyezo, mlio utabaki ukivuta mkia. Ile µF 100 mahali pake ni kwenye njia kuu ya volti 12, baada ya fyuzi na 1N5819 inayozuia betri iliyogeuzwa.

Sasa mzigo bandia mwishoni mwa kichujio, maltimita nyingine ikipima ampea za betri. Bonyeza sekunde mbili, achia. Unatafuta wati 1.1 hadi 1.4 na mkondo wa mA 150 hadi 220. Gusa BS170: vuguvugu ni sawa, zikikuunguza kidole kuna kosa.

Fyuzi ikikatika mara tu unapobonyeza, BS170 au zena imegeuzwa. Mkondo mkubwa na nguvu ndogo ni kichujio: pengine pete nyekundu ya T37-2 imeingia mahali pa njano, au mizunguko imezidi na kichujio kimeanza kukata chini ya megahezi 7. Jaribu kutandaza mizunguko ya koili ya katikati kwa kijiti cha plastiki. Nguvu ikipanda, punguza mzunguko mmoja. Mkondo mdogo na nguvu ndogo ni geti haisukumwi vya kutosha, au moja ya transista tatu haijashika risasi. Mlio ukisinyaa au kupanda kidogo mwanzoni mwa kila kistari, betri imechoka na 78L05 inanyimwa volti, au osileta iko karibu mno na kichujio.

Swichi ya kurusha na kupokea ina pande mbili. Upande mmoja uhamishe antena kati ya kichujio na redio ya kupokea, wa pili upeleke volti 12 kwa transmita yote unaporusha tu, la sivyo osileta itapiga kelele masikioni mwako wakati unapokea. Kwenye mlango wa antena wa redio weka 1N4148 mbili sambamba zikielekea kinyume, kwenda ethi. Hizo ndizo zitakazoiokoa redio siku vidole vitakapotangulia swichi.

Antena

Fedha na muda vilivyobaki vipeleke hapa. Dipoli, antena ya mikono miwili ya waya inayolishwa katikati, ya nusu wimbi kwa 7.030 ina urefu wa mita 143 gawa kwa masafa, yaani mita 20.3 jumla. Kata kila mkono mita 10.5, uinue mahali itakapokaa, kisha upime ni kwenye masafa gani SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) ni ndogo zaidi. Kila sm 1 unayopunguza kila mkono hupandisha masafa kwa kama kilohezi 7. Ukikuta SWR ndogo iko 6.890, umekosa kilohezi 140, basi punguza sm 20 kila mkono. Usikate, kunja waya urudi ujisokotee wenyewe, kwa sababu waya uliokatwa haurefuki.

Chini ya kitovu pitisha kebo ya RG-174 mizunguko 10 kwenye pete ya FT140-43, ili mawimbi yasirudi nje ya kebo hadi kwenye kibonyezo. Baada ya hapo endelea na RG-58. Kwa kebo ya mita 10, RG-58 inakula kama desibeli 0.4 kwenye bendi hii na RG-174 karibu 1.

Kama una mti au mlingoti mmoja tu, inua kitovu na ushushe mikono kama V iliyopinduliwa, pembe kati yake isiwe chini ya nyuzi 90. Ikiinuliwa mita 10 kutoka ardhini, antena hii hurusha sehemu kubwa ya nguvu juu, na mchana hiyo hukupa vituo vya kilomita mia kadhaa. Usiku bendi hunyooka na maelfu ya kilomita hufunguka.

Hewani

Una masafa mamoja, kwa hiyo mbinu ni tofauti na ya mwenye kitufe cha kuzungusha. Sikiliza 7.030 dakika kumi kabla ya kugusa kibonyezo. Bendi ikiwa tupu, uliza kwanza: QRL? (masafa yanatumika?) Kimya kikiendelea, ita CQ (mwito kwa yeyote) mara tatu, DE (kutoka kwa), alama yako mara mbili, yote mara mbili, kisha K (karibu ujibu), kwa mwendo ambao ungependa kujibiwa nao. Halafu subiri na usogeze redio kidogo juu na chini, maana anayejibu anaweza kuwa nusu kilohezi pembeni.

Kama hakuna anayejibu, usianze kulaumu transmita. Tovuti ya Reverse Beacon Network ina vipokezi duniani kote vinavyosoma CQ za Morse vyenyewe. Ita CQ, kisha tafuta alama yako pale. Utaona nani kakusikia, kwa masafa gani na kwa desibeli ngapi juu ya kelele. Ukisomwa kwa desibeli 10 na hakuna binadamu anayejibu, ni suala la saa na subira. Usiposomwa na kipokezi chochote kwa siku nzima, rudi kwenye antena. Vilevile unaweza kujisikiliza kupitia WebSDR, redio ya kupokea inayosikilizwa kwenye mtandao, ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kama bendi iko wazi kuelekea huko, na hapo utajua mlio wako ukoje ukitoka mbali: safi, wenye mibofyo, au unaoyumba.

Kujibu mwingine kunalipa kuliko kuita. Mwenye ishara nzito amewekeza kwenye antena, naye husikia vizuri vilevile. Geuza kapasita ya kurekebisha hadi mlio wa osileta yako ulingane na wake kwenye redio, mzigo bandia ukiwa umeunganishwa badala ya antena. Ngoja amalize, acha pumzi moja ili wenye nguvu wagongane, kisha tuma alama yako mara moja tu. Usiongeze /QRP kwenye mwito wa kwanza. Inarefusha alama pale ambapo kila herufi inapigania kusikika. Wati zako utazitaja baada ya RST (ripoti ya ubora wa ishara), mwenzako akishakupata.